Tupeane uzoefu: Orodha za wahakiki za albamu bora za mwaka zimekufundisha nini, na zimekuudhi wapi?

Mleta mada (Morogoro)

Ndugu wanajamvi, kila Desemba inapoingia, majarida na magazeti ya muziki ya Marekani na Uingereza hutoa orodha zao za albamu bora za mwaka, nasi huku tunagawanyika. Wapo wanaozipokea kama hukumu ya mahakama, na wapo wanaozikataa hata kabla ya kuzisoma. Ninaomba safari hii kila mmoja aeleze yaliyompata yeye mwenyewe. Nitaanza na langu.

Nilipokuwa mwanafunzi katika jimbo la Minnesota, miaka ya tisini, baridi ilinifungia ndani ya maktaba, na huko nikazoea kusoma magazeti ya miaka iliyopita. Ndipo nilipokutana na kura ya wahakiki ya gazeti la Village Voice la New York, iliyoitwa Pazz & Jop. Kura hiyo ilifanyika mara ya kwanza mwaka 1971, ikarejeshwa mwaka 1974, na kwa miaka mingi msimamizi wake alikuwa mhakiki Robert Christgau. Kila mpiga kura alipewa pointi 100 azigawe kwa albamu kumi, na albamu moja haikuruhusiwa kupata zaidi ya pointi 30 wala chini ya 5.

Nikafungua matokeo ya mwaka 1986. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya Graceland ya Paul Simon, mwimbaji wa Marekani, ambaye alikuwa amekwenda Johannesburg kurekodi na wanamuziki wa Afrika Kusini wakati vikwazo vya utamaduni dhidi ya serikali ya makaburu vilikuwa bado vimekazwa, na akalaumiwa sana kwa hilo. Lakini katika kura yake binafsi Christgau aliweka juu kabisa mkusanyiko ulioitwa The Indestructible Beat of Soweto, ambamo wanamuziki wa mbaqanga, muziki wa dansi wa mitaa ya watu weusi wa Afrika Kusini, kama mwimbaji Mahlathini, wanasikika bila mgeni wa kuwatangulia. Ladysmith Black Mambazo, kwaya ya Afrika Kusini, wamo katika albamu zote mbili. Niliazima mkusanyiko ule, na sauti ya Mahlathini, nzito kama jiwe la kusagia, ilinifanya nijiulize kwa nini nimevuka bahari ndipo nikaisikia sauti ya jirani.

Tangu siku ile ninaamini kwamba kura ya mtu mmoja ina manufaa kuliko orodha iliyojumlishwa, na hesabu yenyewe inaonyesha sababu. Wahakiki arobaini wakiipa albamu fulani pointi 5 kila mmoja, inapata 200. Wahakiki sita wakiipenda nyingine kwa moyo wote na kuipa 30 kila mmoja, inapata 180 na kushindwa. Albamu isiyomchukiza mtu imeipita albamu iliyowabadilisha watu sita. Kwa hiyo nikisoma orodha ya jarida lolote, hutafuta kwanza kama limechapisha kura za mmoja mmoja, na kama halikuzichapisha, huisoma kwa tahadhari.

Karibuni.

Mchangiaji wa Mombasa

Ahsante, ndugu mleta mada. Nyumbani kwetu ugomvi huu una tarehe yake. Tarehe 15 Desemba 2014 D'Angelo, mwimbaji wa soul wa Marekani, alitoa albamu ya Black Messiah kwa ghafla, baada ya karibu miaka kumi na mitano bila albamu mpya. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwisha kuchapa orodha tatu za majarida na kuzibandika ukutani dukani kwake, na bila shaka albamu ile haikuwamo hata moja, kwa sababu zote zilitoka kabla yake. Mimi nilikuwa nimeisikiliza usiku kucha. Nikaenda dukani asubuhi nikamwambia, "Kaka, hizi karatasi zimeshachakaa." Akanijibu kwamba mwaka umefungwa, na mwenye kuchelewa asilaumu mlango.

Ilipofika Januari, Village Voice walitoa kura yao, na Black Messiah ikashika nafasi ya kwanza. Niliipeleka habari ile dukani kwa furaha kubwa. Kaka hakuchukia, ila alinipa hoja ambayo sijaweza kuijibu mpaka leo: watu hawa wameisikiliza kwa siku chache tu, tena wakiwa bado wameshikwa na mshtuko wa kuipata baada ya kungoja miaka mingi, je, ni albamu waliyoipigia kura au ni kurudi kwa mtu waliyemkosa? Mimi bado naipenda albamu ile, lakini ninakiri kwamba mapenzi ya wiki ya kwanza hayawezi kupimwa kwa mizani moja na mapenzi ya albamu iliyotoka Februari, ambayo mtu ameshaichoka na kuirudia mara tatu.

Mwaka uliotangulia mambo yalikuwa hayo hayo: albamu ya Beyoncé yenye jina lake ilitoka tarehe 13 Desemba 2013, orodha nyingi zikiwa zimeshachapwa. Tangu hapo tumekubaliana, mimi na kaka, kwamba orodha yetu haiandikwi kabla ya mwisho wa Januari, na albamu ya Desemba huhesabiwa katika mwaka unaofuata. Ninaona huu ndio utaratibu wa haki, na ninashangaa wenye majarida makubwa hawaufuati.

Mchangiaji wa Nairobi, aliyewahi kuwa mwandishi wa burudani

Dada wa Mombasa anashangaa kwa nini hawafuati. Ninaweza kueleza, kwa kuwa nilikaa ndani ya kazi hiyo kwa miaka sita, katika gazeti ambalo sitalitaja.

Mhariri alitaka orodha katikati ya Novemba. Kurasa za mwisho wa mwaka huandaliwa mapema ili watu waende likizo, na mtangazaji wa biashara hutaka tangazo lake lionekane kabla ya Krismasi, wakati wasomaji wanatafuta zawadi. Januari hakuna mwenye fedha. Basi tarehe ya orodha inawekwa na soko, na masikio hufuata nyuma. Mwaka mmoja nilikuwa na albamu zipatazo arobaini mezani, na nyingi kati ya hizo nilizisikiliza mara moja tu, ndani ya matatu kutoka Ongata Rongai, huku muziki wa dereva ukishindana na vipokea sauti vyangu. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeziandikia hukumu kana kwamba nimeishi nazo.

Lipo pia jambo la hofu, ambalo halizungumzwi. Kabla ya kuandika orodha yangu nilisoma orodha za wenzangu wa ng'ambo zilizokuwa zimeanza kutoka. Nilijiambia kwamba ninajielimisha, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana sikuisikia albamu ambayo kila mtu ameitaja. Ukitaka kujua kwa nini orodha kumi za majarida kumi zina albamu zilezile katika nafasi tano za kwanza, sehemu ya jibu ni ubora wa albamu hizo. Sehemu nyingine ni hofu hiyo. Mwaka 2015 To Pimp a Butterfly ya Kendrick Lamar, mwanarap wa Marekani, iliongoza karibu kila mahali, na mimi pia niliiweka ya kwanza. Ilistahili, na bado ninaisikiliza. Lakini nikiulizwa leo kama ningeiweka pale bila kusoma orodha ya mtu mwingine yeyote, sina hakika na jibu langu, na kutokuwa na hakika huko kunanisumbua.

Nimalizie na lililonitoa katika kazi hiyo. Mwaka wangu wa mwisho niliandika albamu kumi za Afrika Mashariki. Siku moja kabla ya kuchapwa niliitwa na kuombwa nimpandishe msanii fulani kutoka nafasi ya tisa hadi ya pili, kwa kuwa waliokuwa wakimwandalia matamasha walikuwa wamenunua ukurasa mzima wa tangazo. Nilikubali. Aliyeshushwa alikuwa mwanamke aliyejilipia studio mwenyewe kwa miezi minane, na alinipigia simu kunishukuru kwamba angalau amekuwamo. Sikuandika orodha nyingine baada ya hiyo.

Mchangiaji wa Muscat

Mimi sina kisa kirefu. Nafanya kazi kwa zamu, na muda wa kutafuta muziki mpya sina. Kila mwaka huchukua orodha tatu, nikaziacha albamu zilizotajwa na zote tatu, nikasikiliza zile zilizotajwa na moja tu. Nimekuwa nikifanya hivyo kabla ya kusoma hesabu ya mleta mada, na sasa nimeelewa kwa nini huwa sijutii.

Mzee wa Tanga

Nimesoma yote kwa makini, wanangu, na ninaona mnajadili namna ya kupima bila kukiuliza kipimo chenyewe. Mnasema albamu. Sisi tuliokua na muziki wa Tanga, albamu tumeijua ukubwani.

Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyoutangaza mji wetu, na bibi Shakila akiimba, nyimbo zao tulizipata katika santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, na redioni. Bendi za dansi nazo zilirekodi katika studio za Radio Tanzania ili nyimbo zirushwe hewani. Kiwanda cha kukandamiza santuri hatukuwa nacho nchini, kwa hiyo aliyetaka santuri alitazama Nairobi. Wimbo uliingia mjini peke yake, ukaimbwa, ukajibiwa na kikundi kingine, ukazeeka. Hakuna aliyengoja nyimbo kumi zikusanywe chini ya jalada moja ndipo atoe hukumu.

Mleta mada yuko Morogoro, naye anamjua Mbaraka Mwinshehe kuliko mimi. Alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, alikuwa ameacha nyimbo nyingi, na baadaye zilikusanywa katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Sasa niambieni, hizo ni albamu za mwaka gani? Za mwaka alioimba, au za mwaka waliokusanya? Mhakiki wa London mwenye orodha ya mwisho wa mwaka hana mahali pa kumweka mtu kama huyo, na si kwa chuki. Karatasi yake haina mstari wa kumwandika.

Baadaye zikaja kaseti. Nilinunua kanda sokoni ambazo jalada lake lilikuwa karatasi iliyorudufiwa, pasipo mwaka wala jina la mpiga fidla, na upande wa pili muuzaji alikuwa amejazia nyimbo za kundi jingine ili kanda isibaki tupu. Ninazo mpaka leo, zaidi ya mia mbili. Ninazipenda, na hakuna hata moja inayoweza kuingia katika mashindano yenu.

Mchangiaji wa Leipzig

Shikamoo, Mzee. Maneno yako yamenigusa, kwa sababu mimi nimeyaona kutoka upande wa pili.

Nimekulia Mburahati, Dar es Salaam. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli, Sounds of Sisso, na kwa ghafla wahakiki wa Ulaya wakaanza kuuandika muziki ambao kwetu ulikuwa wa vigodoro na wa madereva wa bodaboda, na ambao watu wazima wengi wa mtaani waliuita kelele. Mwenzangu wa kazini aliniletea ukurasa wa jarida, akaniuliza kama ninatoka mahali hapo. Nilijisikia vizuri mno, na sitaki kuificha furaha ile.

Kisha nikasoma kilichoandikwa. Maelezo yote yalihusu kasi: mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika, kinanda kilichoharakishwa, kompyuta ya bei ndogo. Kuhusu maneno hapakuwa na hata sentensi moja. Singeli ni mdomo. Mwimbaji anasimulia kodi ya chumba, mama mkwe, polisi, mapenzi yaliyovunjika kwa sababu ya deni la vocha, na anafanya hivyo kwa mafumbo ambayo Mzee wa Tanga angeyatambua mara moja kuwa ni ndugu wa mafumbo ya taarabu. Mhakiki yule aliusifu mwili wa muziki wangu bila kujua kwamba unazungumza. Sikumchukia, kwa kuwa bila yeye mwenzangu wa kazini asingeniuliza chochote. Tulikaa jioni nzima nikimfasiria, na kufikia saa nne usiku alikuwa ameacha kuzungumzia kasi.

Swali langu kwa jamvi ni hili: kwa nini tunangoja Desemba yao? Anayeyasikia maneno ni sisi.

Mleta mada (Morogoro)

Shikamoo, Mzee. Nimesoma mchango wako mara mbili, na ninakiri kwamba hesabu niliyoisifu mwanzoni inafanya kazi pale tu ambapo muziki umekwisha kufungwa katika kifurushi chenye tarehe. Hilo sikulifikiria hapo awali.

Ndugu yetu wa Leipzig ameuliza, nami ninapendekeza tufanye. Kila mmoja achukue pointi zake 100 azigawe hapa kabla ya tarehe 31 Januari, ili utaratibu wa dada wa Mombasa na kaka yake uheshimiwe. Sharti la albamu tuliondoe: wimbo mmoja unakubalika, na kaseti isiyo na jina pia. Jumla hatutaifanya. Kura zitabaki kama zilivyoandikwa, kila moja na sababu zake, na mwandishi wetu wa Nairobi, kama yuko tayari, aanze na yule mama aliyejilipia studio miezi minane.

Mzee, katika zile kanda mia mbili tuchagulie kumi. Palipokosekana mwaka wa kutolewa, andika mwaka ulioinunua na duka ulilonunulia.