Naomba ushauri: Muheza, Amani hadi Lushoto kwa Noah katikati ya masika

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi.

Tuko watano, tulisoma pamoja. Mimi na wenzangu wawili tuko hapa Tanga mjini, wawili wanatoka Dar. Mmoja wetu anaondoka mwisho wa Aprili kwenda kusoma nje miaka mitatu, na ameomba kitu kimoja tu: tumzungushe mashambani kabla hajapanda ndege. Amezaliwa Makorora, hapa hapa Tanga mjini, lakini mkonge anaujua kwa dirisha la basi, na jani la chai hajawahi kulichuma. Kwa hiyo msiniambie tusubiri Juni. Juni hayupo.

Tulivyopanga: wa Dar waje kupitia Bagamoyo na Saadani, wavuke kwa kivuko Pangani, maana kwenye ramani ni karibu. Kesho yake Muheza, tupande milimani kwenye hifadhi ya Amani tulale siku mbili, tushuke, tushike Korogwe na Mombo mpaka Lushoto. Gari ni Noah ya kaka yangu, haina fowili (haivuti kwa magurudumu yote manne), na tairi za nyuma zimeanza kuwa kipara. Dereva ni mimi, nina miaka minne barabarani, lakini yote lami.

Ninachoogopa ni kukwama usiku porini na roho za watu mkononi mwangu. Niambieni kweli: wapi panapitika, wapi niache?

Dereva wa Fuso
Saadani futa. Udongo wa kule ni mweusi, ule unaopasuka nyufa kiangazi. Ukinywa maji unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linakuwa tofali linalozunguka. Nimewahi kulala huko siku mbili na gari lenye nguvu kuliko lako mara kumi. Wenzako wapite Chalinze na Segera, lami mwanzo mwisho.

Na tairi badilisha kabla ya safari, dada. Siyo mkirudi.

Mwana Muheza
Dada, Amani ni kwetu, nitasema kwa urefu kidogo.

Mvua ya Aprili kule juu siyo hii ya mjini. Unaweza kuwa Muheza jua linawaka, kumbe mlimani kunamwagika toka alfajiri. Sisi tunaangalia mto Zigi, huo huo unaojaza bwawa la Mabayani mnakopata maji ya kunywa nyie wa mjini. Ukifika chini ukakuta maji ni mekundu na yamebeba matawi, juu kumeshanyesha. Usipande siku hiyo. Lala Muheza, upande kesho asubuhi.

Mwaka juzi mwezi wa tano niliwapandisha wageni wangu kwa gari kama hilo lako. Tumeshapita Zigi, kwenye kona moja kali, gari likaanza kurudi nyuma huku tairi zinazunguka mbele. Nilishuka nikazitazama: zile kashata zote za tairi, yaani meno yake, zimejaa tope jekundu, limelainika kama sabuni ya kipande, ukipitisha kidole kinateleza. Kwa kuchanganyikiwa tukakata migomba miwili ya shamba la kando tukaitandika chini. Haikusaidia hata hatua tatu, maana mgomba una maji mengi, unateleza kuliko tope lenyewe. Kisha mwenye shamba akatokea, mama mtu mzima. Hakupiga kelele. Aliangalia ule mkungu uliobaki wiki chache ukomae, akasema, "Si mngeniita?" Tulimlipa, akawaita vijana wake wakaja na mawe na matawi makavu, gari likatoka. Mpaka leo nikipita pale nasimama kumsalimu, lakini ile sauti sijaisahau.

Ndiyo maana nakwambia: Noah iache Muheza kwa mtu mnayemwamini. Pandeni kwa basi la asubuhi, au mkodi gari la fowili pamoja na dereva wake wa huko huko. Dereva wa mlimani anajua kona ipi inatitia na ipi inabeba.

Mkikutana na lori au trekta la chai, lipisheni hata kama mna haki ya njia. Masika ndiyo majani yanakimbia, wachumaji wanarudi mstari ule ule baada ya siku chache, na jani likishachumwa linatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo. Likichemka kwenye gunia limeharibika.

Rafiki yako akitaka kuchuma, amwombe msimamizi au mkulima mdogo, wengi hawakatai. Aonyeshwe majani mawili na kile kichipukizi cha katikati, akate kwa vidole bila kuvuta. Hapo hapo mtapata na mdalasini, iliki, pilipili manga, karafuu. Machungwa msiyatarajie makubwa, Aprili mengi bado ni ya kijani.

Kiingilio cha hifadhi mlipe getini. Na waambieni nyumbani mnalala wapi, maana mtandao huko unakatika.

Mama wa Soni
Lushoto mje na Noah yenu, kutoka Mombo ni lami mpaka mjini. Ila nyembamba, kona baada ya kona, na masika mawe huanguka kutoka juu. Pigeni honi kwenye kona, mshuke kwa gia ndogo, breki msizikalie. Ikishafika saa kumi ukungu unaanza kushuka, muwe mmeshafika. Soni simameni muone maporomoko, masika ndiyo yananguruma.

Mtoa mada
Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Ya migomba imeniingia. Nina swali moja: mkonge tuuone wapi, na tunaingiaje?

Mzee wa Ngomeni
Mwanangu, mkonge ni kuanzia hapo Ngomeni mpaka Hale na Korogwe, kulia na kushoto. Usiingie tu shambani. Pitia ofisi ya shamba, jieleze, uombe mtu wa kuwatembeza. Mkibahatika mtaona korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ikifanya kazi, jani linaingia zima linatoka singa nyeupe yenye maji. Harufu yake ni kali, mjitayarishe.

Mwambie huyo anayesafiri kwamba mkonge nao ni msafiri. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893 kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mikonge ya nchi hii ilianzia pale. Babu yangu alikuwa mkataji: majani 30 unafunga mzigo mmoja, na siku inahesabiwa kwa mizigo. Mikono yake ilikuwa migumu kama gome.

Jambo la kushika ni ncha ya jani. Ule mwiba mweusi uko usawa wa jicho la mtu aliyeinama. Ardhi imelowa, mtu anateleza kirahisi. Tembeeni katikati ya mistari, mmoja mmoja, na kiatu kilichofunika mguu.

Mtoa mada
Nimekuelewa mzee wangu, shikamoo.

Tumekubaliana hivi. Wa Dar wanakuja kwa Segera. Siku ya kwanza mkonge na lami, Noah inalala Muheza kwa shangazi yake mwenzetu. Amani tunapanda na dereva wa huko, na Zigi ikiwa nyekundu tunalala chini. Lushoto mwishoni, tukiwa tumeshashuka salama. Tairi mbili mpya zimefungwa leo mchana, nimesimama mwenyewe mpaka nati ya mwisho ikakazwa.

Mwana Muheza, ukinielekeza ile kona, tutasimama tumsalimie yule mama. Anatumia sukari au tumpelekee mchele?

Mwana Muheza
Mchele, dada. Na mumwambie mmetumwa na wale wa migomba.