Mama kamfuata nabii, kaacha dawa za sukari na sasa anataka kuuza shamba. Naombeni ushauri

Binti Uyole
Wakubwa shikamooni, wengine habari za majukumu.

Naishi Uyole hapa Mbeya, nyumbani ni Rungwe. Sisi ni Wamoravian tangu kwa babu, na mama mwenyewe amekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu. Baba alifariki, watoto tukatawanyika na kazi, mama akabaki na nyumba yake na shamba la viazi. Mwaka jana shoga yake wa kikoba akampeleka kwa nabii mmoja anayefanyia ibada kwenye godauni. Siku ya kwanza tu aliitwa mbele, nabii akamtajia jina la marehemu baba na akamwambia ana sukari. Mama alilia mpaka akabebwa.

Tangu hapo ni maji ya upako elfu tano chupa, mafuta bei yake, kumuona nabii ofisini elfu hamsini, na sadaka ya mbegu kila mwezi. Msimu uliopita fuso lilikuja likapakia lumbesa zote, hela hakuna aliyeiona. Hilo ningelimeza, viazi ni vyake. Ila kaacha vidonge vya sukari kwa sababu kaambiwa kuendelea kumeza ni kumkana Mungu aliyemponya. Na kaambiwa mchawi aliyemuua baba ni mdogo wake wa damu, yaani mama mdogo aliyetulea. Hawasalimiani. Juzi kaka kanipigia kutoka nyumbani kwamba kuna mtu kaja kupima shamba, mama anasema anataka kutoa sadaka ya kujimaliza, yaani kutoa kila alichonacho.

Nikifungua mdomo naambiwa nina roho ya Yezebeli. Mama si mtu wa kudanganywa kirahisi, Biblia anaijua kunishinda. Na kinachonichanganya zaidi ni kwamba aliyotajiwa ni kweli. Kama yule ni mwongo, kayajuaje? Sitaki kumhukumu mtumishi wa Mungu, lakini sitaki pia kumzika mama nikiwa nimekaa kimya.

Fundi Mitambo
Pole dada. Hilo la kayajuaje niachie mimi. Nafunga spika kwenye mikutano, kuanzia Makambako mpaka Tunduma, hivyo mimi nakaa upande wa nyuma ambao waumini hawauoni.

Ukifika kama mgeni unapokewa na akina dada wenye madaftari. Wanakukumbatia, wanakupa kiti, wanakuuliza jina, umetoka wapi, umeletwa na nani, unasumbuliwa na nini. Wewe unaona upendo. Kwaya ikiwa bado inaimba, daftari limeshaingia chumba cha nyuma. Kuna mmoja alitaka nimfungie kifaa kidogo cha sikioni, mtu awe anamsomea. Nikamwambia mimi ni fundi wa spika. Akatafuta mwingine.

Halafu umesema mama alipelekwa na mtu wa kikoba. Ndugu zangu, mwanakikoba mwenzako anajua mpaka deni la dukani kwako! Jina la mume na ugonjwa wa sukari ni siri gani hapo?

Sisemi wote wako hivyo. Wapo wachungaji nikishawafungia vyombo nakaa mpaka baraka ya mwisho, nasikiliza neno.

Mteule 7
Kuweni makini sana na vinywa vyenu. Imeandikwa "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Wengi wamekufa kwa kuwasema watumishi. Mama anafunguliwa, wewe unaona wivu wa mali. Omba toba.

Mkinga wa Mwanjelwa
@Mteule 7 hapo ndipo mnapowashika watu, mkiishiwa hoja mnatoa tishio la kufa.

Ila tuwe wakweli. Hata makanisa yetu ya zamani, Jumapili ukitoka na hela ya nauli mshukuru Mungu. Ahadi, mavuno, jengo, gari la mchungaji, harambee ya kwaya kwenda kurekodi. Tofauti iko wapi?

Mwinjilisti Mstaafu
Kamwene. Niko Iringa, nimestaafu utumishi, macho yanasumbua kwenye simu hii, mtanivumilia.

Nianze na kijana aliyenukuu Zaburi 105. Hilo andiko linahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wakihamahama, Mungu akawakataza wafalme wasiwadhuru. Halizuii mtu kumuuliza mhubiri swali. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, Wagalatia 2, na Petro ni mtume. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo halafu wakarudi kuyachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo, Matendo 17, wakasifiwa kwa kufanya hivyo. Mhubiri anayekasirika ukifungua Biblia kumhakiki anajiweka juu ya Paulo.

Binti, fundi amekueleza mambo ya daftari. Mimi nakwambia hata kama daftari lisingekuwepo, bado swali lako lina jibu. Soma Kumbukumbu la Torati 13 mwanzo kabisa. Musa anasema akitokea nabii akatoa ishara, na ishara hiyo ikatimia kweli, lakini akawavuta watu wamwache Bwana, msimsikilize. Kwa hiyo kutajiwa jina la mume hakuthibitishi chochote. Yule kijakazi wa Filipi katika Matendo 16 alisema maneno ya kweli kabisa juu ya Paulo, na ilikuwa pepo wa uaguzi, mabwana zake wakipata faida nyingi kwake.

Sasa pima. La fedha za kuonana naye, nenda 2 Wafalme 5. Naamani alikuja kuponywa ukoma akiwa na talanta za fedha na mavazi, nabii Elisha akaapa hapokei kitu. Gehazi mtumishi wake akamfuata nyuma, akatunga uongo kwamba wageni wamefika, akapokea. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Ndugu yangu wa Mwanjelwa, tofauti uliyoiuliza iko hapo. Michango ya kanisa inaweza kuchosha, hata mimi imenichosha, na inayofujwa ikemewe. Lakini inasomwa hadharani, kuna mtunza hazina, na maskini asiyetoa anaombewa vilevile. Anayeuza maombi yenyewe anamfuata Simoni wa Samaria, aliyetaka kununua karama za Mungu kwa fedha.

Ila usishike fedha peke yake kuwa kipimo. Mwaka 2011 watu walitoka huku kwetu kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu kwa shilingi 500. Bei ile huwezi kuiita utapeli, na bado wapo walioacha dawa za hospitali wakaumia.

Mimi huangalia zaidi mwalimu anamtenga mtu na nani. Anayemfundisha mjane kumwogopa mdogo wake wa damu, na binti yake, na nesi, anamwondolea kila mtu ambaye angeweza kumwambia hapana. Kule msitu wa Shakahola, Kenya, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyopita 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe, hawakuanza na kufunga. Walianza kwa kukataa shule na hospitali, wakawahama ndugu zao. Msitu ulikuja mwishoni.

La mwisho, binti, niulize mimi. Baada ya msiba wa baba, kanisani kwenu ni nani alikuwa anafika kwa mama?

Muuguzi Mbalizi
Mimi nazungumzia sukari tu, mengine wameshasema wazee.

Dada, mama akisema "najisikia mzima" usitulie. Sukari inaweza kupanda kwa miezi mtu anatembea na kulima vizuri tu, huku inakula macho, figo na mishipa ya miguu. Mchunguze kwa macho: anaamka usiku kukojoa mara nyingi? Kiu haikatiki? Nguo zinampwaya? Ana ganzi au kakidonda mguuni kasikofunga? Mguu ndio usiupuuze kabisa.

Usimlazimishe kumeza dawa kwa ugomvi na usimsagie kwenye chai, akigundua umempoteza. Mwambie akapime tu. Kama kweli kapona, mashine itasoma hivyo na mtashangilia wote.

Mwinjilisti Mstaafu
Umenena vema nesi. Na hilo ni la Biblia kabisa. Wale wakoma kumi wa Luka 17, Bwana Yesu mwenyewe aliwaambia "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Kwa sheria ya Walawi kuhani ndiye aliyekagua ngozi na kutamka kuwa mtu ni safi. Yesu alikubali uponyaji wake ukaguliwe. Mama ni mzee wa kanisa, mfungulie hapo asome mwenyewe kwa sauti. Usimhubirie.

Binti Uyole
Jamani nimesoma yote. Ndaga fijo.

Mwinjilisti, swali lako limenichoma. Baada ya kuondoa tanga hakuna aliyefika. Mchungaji alihamishwa, wazee wenzake wakawa wanamsubiri yeye ndiye awapangie zamu za kutembelea wagonjwa kama zamani. Kule kwa nabii wanampigia simu kila siku asubuhi, wanamwita Mama Mzazi.

Mkinga wa Mwanjelwa
Sasa mbona jibu umelipata. Hapo hata ukimshinda kwa aya mia, jioni simu ikilia ni ya kwao. Mpigie wewe. Na umtafute mchungaji mpya aende, asiende kumgombeza, aende kula kande na kumuuliza habari za viazi.

Mteule 7
Na akipona kweli mtasemaje?

Mwinjilisti Mstaafu
Tutasema Bwana apewe sifa, mwanangu, na tutaendelea kumkataza kuuza shamba. Mungu humponya mtu hata penye mhubiri mbaya, kwa huruma zake kwa yule mgonjwa. Hapo ndipo wengi tunapochanganya. "Msiiamini kila roho, bali zijaribuni," Yohana aliwaandikia watu waliokuwa ndani ya kanisa, si wapagani. Nawe jaribu kitu kimoja: Jumapili hii msikilize nabii wako ibada nzima uone jina la Yesu limetajwa mara ngapi, na lake mara ngapi. Usituletee majibu humu, yabaki yako.

Mnyalu
Nirudi kwenye shamba maana naona mnalisahau. Lilikuwa la mzee? Mirathi ilifunguliwa? Kama mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, hilo bado ni la marehemu na hakuna mwenye mamlaka ya kuliuza, hata mama. Kaka yako aliyeko kijijini aende kwa mtendaji leo, siyo kesho, aeleze kwa upole kwamba kuna warithi, ili asije akagonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano. Hakuna haja ya kumtaja nabii kabisa. Ukianza na nabii itageuka vita ya dini na mama ataliuza kwa hasira.

Na mtu asikuletee hoja kwamba kanisa lao limesajiliwa. Cheti cha Msajili wa Jumuiya pale Wizara ya Mambo ya Ndani kinaonyesha kwamba jumuiya ipo kisheria. Mafundisho hakiyapimi.

Binti Uyole
Mirathi haikufunguliwa. Kaka kaenda kwa mtendaji, kasikilizwa.

Mimi nilipanda gari Jumamosi nikalala nyumbani. Sikumtaja nabii. Tulimenya viazi, tukasoma Luka 17 kwenye sala ya jioni, alisoma yeye. Alipofika kwenye "mkajionyeshe kwa makuhani" akanyamaza, akaniangalia, akasema "umetumwa wewe." Nikacheka, naye akacheka. Asubuhi akasema atapima, lakini ni ili niaibike. Jumapili alienda kwa nabii kama kawaida na chupa zake za maji. Mama mdogo bado hataki kumsikia.

Muuguzi, tunapima Alhamisi. Aende amekula au hajala?

Muuguzi Mbalizi
Asile. Chakula cha mwisho saa mbili usiku, baada ya hapo maji ya kawaida tu, chai hata isiyo na sukari aache. Muwahi asubuhi asikae na njaa muda mrefu. Mashine ikisoma 7 kwenda juu kabla hajala, sukari bado ipo. Waombe na kile kipimo cha damu cha wastani wa miezi mitatu kama wanacho, maana cha asubuhi moja mtu anaweza kukikataa. Mwambie daktari ukweli kwamba aliacha dawa na lini, asije akampa dozi ya kukisia. Na mvue viatu, wamkague miguu yote miwili.