Naomba ushauri: namwandikia bibi kumbukumbu za utoto wake New York

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Brooklyn, namhudumia bibi mmoja Myahudi aliyezaliwa Lower East Side mwaka 1930. Wazazi wake walitoka Poland kabla ya sheria ya 1924 iliyobana wahamiaji. Walizaliwa watoto tisa. Uchumi ulipoporomoka, baba yake, fundi wa kushona kiwandani, akakosa kazi. Mama akapangisha chumba kimoja kati ya vitatu, watoto wakawa wanalala jikoni.

Bibi ameniomba nimwandikie haya kwa ajili ya vitukuu wake, na wanawe wameridhia. Namrekodi kwa simu.

Ninapokwama ni kwa kaka zake wawili waliopelekwa kituo cha yatima ilhali wazazi wako hai. Familia nyingi zilifanya hivyo miaka ile ili watoto wapate kula, si kwa kukosa upendo. Lakini tukifika hapo bibi hunyamaza, kisha siku nyingine huanza kulisimulia mwenyewe na kuishia njiani. Inaniuma kumwona hivyo.

Tena, jina la baba yake nimelitafuta kwenye orodha za abiria wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, kwa tahajia mbalimbali, sikulipata. Kwenye sensa ya 1940 familia nimeiona, bila hao kaka wawili.

Je, nimuulize waziwazi au nimwachie aseme akiwa tayari? Na kwa waliowahi kufuatilia wahamiaji wa Ulaya Mashariki: jina lililobadilishwa baada ya kufika Marekani hutafutwa vipi?

Natanguliza shukrani.