Kiongozi akisema "habari feki", alazimishwe kutaja sentensi?

Mkomani: Ndugu wa Lamu na Malindi, mkubwa akiulizwa barazani kuhusu fidia ya wavuvi walioathiriwa na Lapsset, mradi wa bandari ya Lamu, ile Sh1.76 bilioni ya hukumu ya mahakama ya 2018, hujibu "habari feki" na swali likafa papo hapo. Nasema alazimishwe kutaja sentensi ipi, tarakimu ipi, na hati gani inaipinga. Katiba, Kifungu cha 35(2), inampa haki ya kudai habari ya uongo inayomhusu irekebishwe au ifutwe. Mbona haitumii?

Mzee wa Barani: Nyinyi vijana mnaosambaza kila picha ya gazeti ndio mnaowapa fimbo hiyo.

Bint Langoni: Vijana gani, ami? Kurasa bandia za magazeti hutengenezwa na mabloga wa kulipwa. Na hutambulika: linganisha tarehe, bei na jina la mwandishi na toleo lililo kwenye akaunti ya gazeti lenyewe. Kichwa kikuu huwa kimebadilishwa, habari za pembeni zikabaki za siku nyingine.

Maweni: Mabloga wa kulipwa? Dada, wapo wanaofanya kazi ya haki hapa Malindi. Usituchafue sote.

Mzee wa Barani: Na picha za mikutano je? Umati wa zamani huitwa wa jana.

Bint Langoni: Ipitishe Google Lens, ile zana ya kutafuta kwa picha, uone ilitokea wapi kabla. Usitafute tarehe ndani ya faili, WhatsApp huondoa tarehe hiyo picha ikitumwa kawaida. Mwambie aliyeipiga akutumie kama dokumenti.

Maweni: Bado hujaomba radhi. Na serikali ilipozima TV 2017 mabloga ndio waliotupasha.

Mkomani: Ni Januari 30, 2018, siku Raila alipoapa Uhuru Park. Zilizimwa Citizen, NTV na KTN zisionyeshe tukio moja kwa moja, jambo ambalo hata huwezi kuliita feki.

Mzee wa Barani: Basi sheria ya kompyuta ya 2018: Kifungu cha 22, cha kuchapisha habari za uongo, kiliweka faini hadi Sh5 milioni au hadi miaka miwili jela, au vyote viwili. Ingetosha.

Mkomani: Mzee wangu, hicho kilimlenga aliyechapisha. Aliyeuita ukweli uongo hakimgusi. Lesley Stahl, mwanahabari wa televisheni ya CBS ya Marekani, alisimulia 2018 kwamba Trump alimwambia huwaponda waandishi makusudi, ili wakiandika mabaya yake wasiaminiwe. Kifungu gani kinamshika huyo?

Maweni: Kwanza dada ataje bloga mmoja aliyelipwa.