Msaada: boksi la spika la marehemu babu, eti ni la mwaka 1928?

Mjukuu wa Mzee:
Wakuu, habari za siku. Nimeachiwa boksi la spika lililokuwa la marehemu babu. Ni la plaiwudi iliyopakwa vanishi ya kahawia, mbele lina kitambaa kilichofifia, ndani kuna spika moja ya inchi 12 yenye koni ya karatasi. Hakuna nembo wala jina la kampuni. Nilipofungua mgongo nikakuta tarakimu zimegongwa kwenye fremu ya chuma: 220628. Baba mdogo anashikilia kwamba hiyo ni tarehe, 22 Juni 1928, na ukoo mzima umeshaamini. Mimi nataka kuwa na uhakika kabla sijaliandika kwenye kumbukumbu za familia. Pia nishaurini: nilipige msasa na kulipaka vanishi upya, au niliache?

Kijana wa Besi:
Hongera mkuu, hiyo ni hazina. Tarehe si hiyo hapo imeandikwa? Piga msasa, badilisha kitambaa, liwe jipya kabisa.

SumakuKongwe:
Mkuu Mjukuu, tafadhali usiguse msasa kwanza. Vanishi ya zamani, vumbi la ndani, hata alama za skrubu ni ushahidi, na ukishaufuta haurudi.

Sasa nambari. Hiyo si tarehe ya kalenda. Viwanda vya Marekani vilikuwa na utaratibu wa pamoja wa kugonga nambari kwenye vifaa vya redio: tarakimu za mwanzo ni za kiwanda, inayofuata ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki ya mwaka huo. Kwa kampuni za spika, 220 ni Jensen, 465 ni Oxford, 328 ni Utah, 137 ni CTS. Eminence wao ni 67 tu. Kwa hiyo yako isome hivi: 220, halafu 6, halafu 28. Spika ya Jensen, wiki ya 28 ya mwaka unaoishia na 6.

Tatizo ni hiyo 6 moja. Inaweza kuwa 1946, 1956 au 1966. Hapo nambari imemaliza kazi yake, inabidi tuiulize spika yenyewe. Angalia mambo mawili: sumaku ina umbo gani, na je, kuna waya wowote unaoingia kwenye spika mbali na ile miwili ya sauti?

Mjukuu wa Mzee:
Asante sana mkuu. Waya ni miwili tu. Sumaku ni bapa na pana, ya duara, rangi ya kijivu cheusi kama jiwe. Nimefuta vumbi taratibu kwa brashi, pembeni yake nikaona maandishi "C12" na herufi moja baada yake imefutika.

SumakuKongwe:
Basi umejibu mwenyewe. Jensen ilianza Chicago mwaka 1927, kwa hiyo ule mwaka 1928 wa baba mdogo kampuni ilikuwapo. Lakini spika kubwa za koili (waya uliozungushwa) za miaka ile hazikuwa na sumaku ya kudumu kama hiyo. Zilikuwa na koili nene ya pili nyuma iliyolishwa umeme ili izalishe sumaku, ndiyo maana nikakuuliza habari za waya. Ukiiona spika ya namna hiyo usiichomeke ovyo, ile koili hutembea na volti nyingi.

Hiyo ya kwako ni sumaku ya feraiti, yaani ya kauri yenye oksidi ya chuma. Philips walitangaza sumaku za aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo 1946 haiwezekani kabisa. Na herufi ya kwanza kwenye jina la Jensen inaeleza sumaku: P ni alniko (sumaku ya mchanganyiko wa metali wenye kobalti), C ni feraiti, 12 ni inchi. Mfululizo huo wa C ni wa miaka ya 1960. Mimi naandika 1966, wiki ya 28, yaani Julai.

Nyongeza kwa wengine mnaosoma: aina ya sumaku peke yake haikupi mwaka. Alniko iliendelea kutumika muda mrefu, mpaka vita vya jimbo la Shaba kule Zaire, Kongo ya leo, vilipopandisha bei ya kobalti mwaka 1978. Hapo viwanda vingi vikaiacha.

Fundi Koili:
Nakubaliana na mzee SumakuKongwe, ila mnazungumzia spika. Kijana ameuliza boksi. Hivyo ni vitu viwili, na mara nyingi havina umri mmoja.

Mjukuu, fungua spika uitoe. Ilaze kifudifudi kwenye kitambaa laini, usiibane koni. Kisha tazama ubao wa mbele pale ilipofungwa. Tundu za skrubu ni ngapi? Skrubu zenyewe ni za bisibisi bapa au ya nyota? Na ubao wa mgongo una nyuzi za mti au ni laini mfululizo?

Mjukuu wa Mzee:
Fundi, umenishtua. Tundu ni nane. Nne zina skrubu, nne ziko wazi na zimejaa vumbi lililoganda. Skrubu za spika ni za nyota, lakini zilizoshika pembe za boksi ni za bapa na zina kutu. Mgongo ni laini kabisa, rangi moja mpaka ndani, hauna nyuzi wala matabaka. Na kuzunguka tundu kubwa kuna alama hafifu ya duara lililo pana kidogo kuliko fremu ya spika.

Fundi Koili:
Duara hilo ndilo jibu. Ni kivuli cha spika ya kwanza, ilikaa hapo miaka mingi mpaka mbao ikabadilika rangi kuizunguka. Jensen ilikuja baadaye, ikatobolewa tundu zake nne. Na mgongo huo ni MDF, ubao wa unga wa nyuzi za mti uliogandamizwa kwa gundi. Ilianza kutengenezwa kibiashara Marekani katikati ya miaka ya 1960 na ikaenea hasa miaka ya 1980, kwa hiyo nao umebadilishwa. Boksi lenyewe ni kongwe kuliko mgongo wake, na huenda kuliko spika yake. Pima umbali kati ya tundu zile za wazi, na tafuta mbele tundu mbili ndogo za misumari. Nembo hupotea, tundu zake hubaki.

Bi Sauti:
Mwanangu, kabla ya kuiunganisha popote, ipime ukinzani kwa multimita, kile kipimaji cha umeme. Ikisoma kati ya omu 6 na 7, hiyo ni spika ya omu 8. Kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu. Koni isogee bila kukwaruza. Usiipanguse kwa maji. Na shukuru kwamba ukingo wake ni karatasi, ungekuwa sponji ungeshasagika unga zamani. Halafu muulize aliyekuwa mtoto nyumbani kwa babu yako. Huenda anakumbuka.

Mjukuu wa Mzee:
Imesoma 6.4, na koni imesogea safi bila kukwaruza.

Nimempigia mama. Alikuwa binti mdogo, anakumbuka spika ilikatika sauti katikati ya sherehe, na babu akakaa siku kadhaa sakafuni na kekee ya mkono akifunga nyingine. Tundu zile nne hazijalingana vizuri, moja imekwenda upande. Ni za mkono wake.

Msasa sitaugusa. Baba mdogo nimemweleza, akaomba aje azione tundu hizo mwenyewe. Tundu mbili za nembo nimezipata chini ya kitambaa, kona ya kushoto, zimeachana milimita 58. Ndani ya mgongo nitabandika karatasi: "Spika: Jensen, wiki ya 28, 1966, imefungwa na babu. Boksi: mtengenezaji bado anatafutwa." Fundi, picha ya hizo tundu za nembo naiweka hapa kesho asubuhi kukiwa na mwanga.