Waridi, kaneshoni au krisanthemamu kwa meza ya nyumbani?

Nuru_K:
Hamjambo. Nina wageni wikendi hii na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupamba nyumba. Duka la mtaani lina waridi, kaneshoni na krisanthemamu, zote bei nafuu. Sijawahi kupanga maua. Nichukue yapi? Kesho nanunua.

fundi_meza:
Wikendi ni Jumamosi au Jumapili? Meza ngapi? Vyombo gani? Na kubwa zaidi, uko mji gani? Limuru kwenye baridi na Mombasa kwenye joto, maua hayakai sawa hata yakitoka ndoo moja.

Mama Pendo:
Krisanthemamu, usihangaike. Bua moja lina vichwa kadhaa, kwa hiyo mafungu mawili yanajaza meza. Toa majani yote yatakayozama, badilisha maji kila baada ya siku mbili, utakaa nayo wiki mbili. Mimi sinunui kitu kingine.

Juma_Naivasha:
Nimefanya kazi kwenye ghala la kupakia waridi. Likikatwa tu linaingia majini, halafu chumba cha baridi, nyuzi 2 hadi 4. Baridi hiyo ikikatika njiani, siku zake zinapungua. Ukifika dukani, bonyeza kichwa pale chini petali zinaposhikana na bua. Kikiwa kigumu, nunua. Kikibonyea, achana nalo. Na ukiona petali za nje zimebanduliwa, muulize muuzaji maua yaliingia lini.

Nuru_K:
Niko Bamburi, Mombasa. Ni posa ya dadangu, Jumamosi alasiri. Meza ndefu ya chakula na vimeza viwili vya sebuleni. Bajeti shilingi elfu tatu. Hatuna AC, ni feni tu. Vyombo ni majagi mawili na chupa za jemu.

fundi_meza:
Hayo ndiyo ungeanza nayo, dadangu. Kwa joto la Bamburi waridi litafunguka haraka mno. Chukua kaneshoni, inavumilia. Ila iweke mbali na sinia la matunda! Ndizi na maembe yaliyoiva hutoa gesi ya ethilini, na kaneshoni ikikaa karibu nayo hujikunja na kunyauka kabla ya wakati. Matunda meza ndefu, kaneshoni sebuleni.

bintiLamu:
Mimi waridi la dukani siligusi tena. Kwenye harusi ya binamu yangu tuliagiza kwa duka moja, silitaji. Yakaletwa Ijumaa usiku yamefungwa karatasi, mabua makavu kabisa. Kwa macho yalikuwa mazuri, tukayachomeka kwenye sponji la maua, tukalala. Alfajiri vichwa vyote vimeinama, na wageni wa mbali washaanza kuingia. Shangazi akayachomoa moja moja, akajaza beseni kubwa maji ya vuguvugu, akakata kila bua upya kwa mshazari likiwa ndani ya maji, akayalaza humo mazima, vichwa na mabua. Baadhi yaliinuka, mengine ndiyo basi. Mapengo tukaziba kwa mrihani na bugenvilia za ua wa jirani. Mwenye duka nilipompigia akasema joto la kwetu ndilo lililoyaua. Pesa hatukurudishiwa, na mamangu alilia siku ile.

Juma_Naivasha:
Pole sana. Hiyo ni hewa, si joto peke yake. Bua likikaa kavu linavuta hewa, na maji hayapandi tena. Shangazi alijua anachofanya. Sponji nalo silipendi: ni plastiki, linamumunyuka vipande vidogo vinavyoishia kwenye mtaro na baharini, wala halirudi kuwa udongo. Nuru, pitisha selotepu juu ya mdomo wa jagi, iende huku na huku itengeneze vidirisha, uchomeke humo.

fundi_meza:
Sponji lina kazi yake, Juma. Shada fupi la katikati ya meza utalisimamisha kwa selotepu? Shida ni watu kulikandamiza sponji majini kwa mkono, ndani linabaki kavu. Liachwe lizame lenyewe.

Juma_Naivasha:
Waya wa kuku uliokunjwa unasimamisha shada hilo hilo, na mwaka ujao unautumia tena.

Mama Pendo:
Chupa ya jemu inahitaji sponji la nini jamani? Nuru, kata mabua mafupi, vichwa vikae mdomoni mwa chupa, panga chupa tano kwa mstari. Watu waonane wakila. Sukari usitie peke yake, inalisha bakteria. Kijiko cha sukari kiende na matone ya jiki.

Bi Rukia:
Mwanangu Nuru, posa Mombasa na maua yasiyo na harufu? Nunua asumini Jumamosi mchana, vitumba bado vimefumba. Vitandaze kwenye sahani ya maji pamoja na mrihani na langilangi. Magharibi ikiingia vinafunguka, nyumba nzima inanukia. Na dada yako avae kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia.

Juma_Naivasha:
Bi Rukia umesema kweli. Mawaridi mengi ya kuuza nje yamechaguliwa yadumu na yahimili safari, na harufu imepotea humo humo.

fundi_meza:
Asumini ni ya jioni. Posa ni alasiri.

Bi Rukia:
Na wageni wa posa wameondoka alasiri lini?

bintiLamu:
Bi, kilua, lile ua la kunukia la kikuba, unakipata wapi siku hizi? Nazunguka sokoni nakuta asumini tupu.

Bi Rukia:
Panda mkilua wako, mwanangu. Ninao uani, nyuma ya kisima, na jirani zangu wote wanachuma hapo. Kikuba bila kilua hakijakamilika.

fundi_meza:
Nuru, umeshanunua?

Mama Pendo:
Bi Rukia, niko Nakuru, usiku kuna baridi. Asumini itachanua nikiipanda kwenye ndoo kibarazani? Na miche naagiza Mombasa, au hata huku inapatikana?