Mafunzo kazini kwa walimu wa awali: kikao cha kata kipangweje mpaka kionekane darasani?

Mratibu_Kata

Salaam wanajukwaa. Naomba mawazo ya wanaoijua MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) kwa vitendo, hasa upande wa darasa la awali.

Kata ina shule za msingi 7 na walimu wa awali 9. Waliosomea awali ni 4, waliobaki ni walimu wa msingi wa Daraja la IIIA walioletwa kutoka madarasa ya juu. Madarasa yana watoto 55 hadi 110, japo mwongozo unataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Semina ya siku mbili ilishafanyika: hatua za ukuaji, nadharia za ujifunzaji, slaidi kibao, vyeti. Ukiingia darasani leo, watoto bado wanaitikia "a, e, i, o, u" kufuata fimbo ubaoni tangu asubuhi hadi saa ya uji.

Tunataka kuitumia jumuiya ya ujifunzaji (JzU), yaani walimu kukutana na kujifunza pamoja, ngazi ya kata, mara moja kwa mwezi, Ijumaa saa 8 mchana, dakika 90. Fedha iliyopo ni ya manila, maka na chai, basi. Tuanze na mada gani? Dakika 90 zigawanywe vipi? Na nani afuatilie darasani bila walimu kuona wanakaguliwa?

Chaki_na_Vizibo

Mwalimu, kabla ya kuchagua mada, kaa darasani. Kila darasa kipindi kimoja kizima, dakika 20. Chagua watoto 6: wawili wa mbele, wawili wa katikati, wawili wa kule nyuma mlangoni. Kila baada ya dakika 2 mtazame kila mmoja na uweke alama moja tu: anaongea kuhusu somo, anashika kitu cha somo, au anasubiri. Zinapatikana alama 60 kwa kila darasa. Kuitikia kwa pamoja usikuhesabu kama kuongea, maana mtoto wa nyuma anaweza kufungua mdomo mwaka mzima asiseme neno. Karatasi hizo zilete kwenye kikao bila majina ya walimu wala shule. Safu ya "anasubiri" itaongea yenyewe.

Mada iwe ndogo, ya kufundishika Jumatatu inayofuata. "Kutumia dhana za kihisabati" ni umahiri wa mwaka mzima, haumo katika kikao kimoja. "Kuhesabu vitu hadi 5 bila kuruka wala kurudia" ndiyo mada ya kikao.

Dakika 90 ningezigawa hivi. Dakika 15 za kwanza kila mwalimu anaonyesha alichojaribu mwezi uliopita, na aonyeshe kitu: kazi ya mtoto, zana iliyochakaa kwa kutumika, picha kwenye simu. Maneno matupu hapana. Dakika 15 mwezeshaji rika anafundisha kipindi halisi, wenzake wakiwa watoto. Dakika 35 ni mazoezi ya watatu watatu: mmoja anafundisha dakika 8, wenzake wanampa mrejesho dakika 3, kisha wanabadilishana. Kwa walimu 9 ni vikundi 3 na kila mtu amefundisha. Dakika 15 kila mmoja anaandika siku, saa na zana atakazotumia. Kumi zinazobaki zitamezwa na uchelewaji na chai, usizipangie kazi.

Panapoharibika sana ni kwenye mazoezi. Walimu wakiigiza watoto huwa watoto wazuri mno, wanajibu wote sawasawa, na anayefundisha hajifunzi kitu. Dawa ni kadi. Kila "mtoto" apewe kadi yenye kosa lake. Kwa mada hii ya kuhesabu makosa ni matatu:

Wa kwanza ana vizibo vitano mbele yake lakini anafika "saba". Mdomo umeutangulia mkono. Huyu apewe kizibo kimoja kimoja, namba itamkwe kizibo kinapotua kiganjani.

Wa pili anagusa kizibo kilekile mara mbili kwa sababu vimetawanyika na hakumbuki alipopita. Chora mstari wa chaki sakafuni: kila alichohesabu kivushwe mstari.

Wa tatu anahesabu vizuri hadi tano. Ukimuuliza "viko vingapi?" anaanza upya: moja, mbili... Hajajua kwamba neno la mwisho ndilo idadi ya vyote. Akimaliza kuhesabu, funika vizibo kwa kiganja na uulize, "Nimefunika vingapi?" Hana cha kuanza kuhesabu tena, analazimika kufikiri.

Mwalimu asiyetofautisha hawa watatu huona kosa moja tu, "hajui kuhesabu", na dawa yake huwa ile ile: wimbo wa namba tena.

SautiKwanza_Kwale

Hapo kwa kadi tuko pamoja. Kuanza na hesabu ndiko nisikokubaliana nako. Mtoto anayesemwa hajui kuhesabu mara nyingi hakulielewa neno "vingapi". Huku Kwale, Kenya, mtoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa awali) huingia na Kidigo chake, huko kwenu ataingia na cha kwao. Ningeanza na lugha ya mdomo na sauti, halafu hesabu kikao cha tatu.

Na walimu ndio wa kupimwa kwanza. Waambie watamke sauti za m, s, b, k, mmoja mmoja, warekodi kwa simu zao na wajisikilize. Wengi watasema "em, es", na wanaojiona wameelimika watasema "mu, su, bu, ku". Sasa mtoto akifundishwa "mu" na "a", akiziunganisha anapata "mua". Hajakosea! Amefuata alichofundishwa, na wewe ulitaka "ma".

Sauti m, n, s, f, l, z zinavutika: mmmm-a, ma. Zifundishwe mwanzo kwa sababu mtoto anausikia muungano. Sauti b, d, k, p, t hazivutiki, ukizivuta unaongeza irabu bila kujua. Hizo ziingizwe moja kwa moja ndani ya silabi: ba, be, bi, bo, bu.

Kabla ya herufi yoyote ubaoni kuwe na dakika 5 za mchezo wa sauti kila siku, bila chaki. Kupiga makofi kwa silabi, kutafuta maneno yanayoanza sawa. Lakini mwezeshaji ajiandae, maana walimu watabishana kwenye "mbwa". Mbwa ni makofi mawili, m-bwa. Mbuzi pia ni mawili, lakini mbu-zi. Nchi ni n-chi, mti ni m-ti. Kama walimu wenyewe hawajakubaliana, shule moja itapiga kofi moja na ya jirani mawili. Mwezi wa kwanza tumieni maneno mepesi tu: ka-ka, me-za, ba-ta, ki-ti. Hayo ya m na n inayosimama peke yake yasubiri.

Mkeka_na_Kapu

Mnasahau darasa lina watoto 80 na mwalimu mmoja. Mbinu nzuri hufia kwenye kugawa vifaa.

Piga hesabu hivi. Watoto 80 ni jozi 40. Kila jozi mfuko mmoja wenye vizibo 10, jumla 400. Kila mtoto akileta vitano mmemaliza, na mna wiki mbili za kukusanya. Mikeka 8, watoto 10 kila mkeka, kapu moja la mifuko 5 kila mkeka, mtoto mmoja ndiye mgawaji wa wiki. Kabla ya kufundisha chochote, wiki nzima wafanye zoezi la kugawa na kurudisha tu, hata mifuko ikiwa mitupu. Kugawa kukizidi dakika 3, kipindi cha dakika 20 hamna tena, na mwalimu atarudi kwenye fimbo na ubao. Na atakuwa na sababu.

Vizibo viwe vya plastiki vya chupa za maji, vioshwe. Vya soda vya chuma vina kingo zinazokata. Maharage, kunde na punje za mahindi ningeziondoa kabisa kwenye darasa kubwa: huingia puani na masikioni, na zikilowa huvimba. Ikitokea, mtoto apelekwe kituo cha afya, mtu asichokoe kwa njiti.

Manila zitundikwe usawa wa macho ya mtoto wa miaka 5, yaani kama mita 1 kutoka sakafuni. Nyingi ziko juu kwenye kenchi, zinasomwa na mgeni anayeingia na popo.

Halafu msitumie kikao cha JzU kutengeneza zana. Ni kazi tamu, picha zinapendeza, lakini dakika 90 zinaisha kwenye kukata na kubandika. Mwalimu anaondoka na bango zuri asilojua kulitumia.

Mratibu_Kata

Ahsanteni sana walimu. La kadi nimelichukua, na la "mua" limenikaa. Bado ufuatiliaji. Walimu wakuu wawili wanataka fomu za darasani ziwekwe kwenye faili la tathmini ya utendaji. Nimesita.

Mkaa_Nyuma

Usikubali, Mratibu. Fomu ikishaingia faili la tathmini, mwalimu atakuandalia kipindi cha maonyesho. Utakuta wale watoto 10 wanaojua wamepangwa mbele, na somo ni lile walilolifanya jana. Mwalimu mkuu na mthibiti ubora wana fomu zao na kazi yao. Ya kwenu ibaki na mwalimu mwenyewe, ndani ya daftari lake la maandalizi.

Anayetembelea awe mwalimu mwenzake wa awali kutoka shule ya karibu, ndani ya siku 10 baada ya kikao. Mkichelewa zaidi, kilichofundishwa kimeshapoa. Anayetembelewa ndiye achague kitu kimoja cha kutazamwa, kwa mfano "nitazame nikisubiri jibu". Mgeni ahesabu kimyakimya, moja elfu, mbili elfu, tatu elfu, kati ya swali na mwalimu kujijibu mwenyewe. Mara nyingi haifiki hata moja elfu. Hicho ni kipimo, hakina matusi ndani yake.

Fomu iwe na mistari mitatu. Nilichokiona, kwa namba au kwa maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Swali moja. Kitu kimoja cha kujaribu kabla ya kikao kijacho. Alama na "vizuri/wastani/dhaifu" visiwemo. Mazungumzo baada ya kipindi yasizidi dakika 15, na aanze kusema mwenye darasa. Mgeni akianza na "ungefanya hivi", mwenzake atajitetea mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Darasa la mgeni nani analishika? Hapa ndipo ziara nyingi hufa. Awali hutoka mapema kuliko madarasa ya juu, kwa hiyo pangeni shule mbili za jirani zipishane saa: moja ifanye somo linalotazamwa kipindi cha kwanza, nyingine ichelewe kuanza masomo kwa michezo ya nje chini ya mwalimu wa zamu. Andikeni hilo kwenye ratiba na mwalimu mkuu asaini. Bila saini, asubuhi ya ziara utaambiwa mwalimu wa zamu amekwenda halmashauri.

Na waalike walimu wakuu wote 7 kwenye kikao cha kwanza, dakika 30 kabla ya walimu kufika. Ajenda ni moja: aliyefundishwa awali asihamishwe darasa hadi mwaka wa masomo uishe. Upimaji wa Darasa la Nne ukikaribia, mwalimu mzuri wa awali ndiye wa kwanza kuvutwa juu, na watoto wa miaka 5 wanaachiwa yeyote aliyebaki bila kipindi.

Chaki_na_Vizibo

Hilo la mwisho lingekuwa la kwanza. Mratibu, usinunue hata manila kabla walimu wakuu wote 7 hawajasaini hilo.